Lita Saba na Theluthi

Mwenyekiti alipoomba kufundishwa hesabu, Mwalimu nusura alie kwa furaha. Mtu mzima, tumbo mbele, mwenye kiwanda cha maziwa na magari barabarani, amekaa kwenye kigoda cha watoto katika sebule ambayo ukinyoosha miguu unagonga ukuta, analamba ncha ya penseli! Wanafunzi wa Mwalimu wa kila siku walimtolea macho ya samaki wakisubiri kengele. Huyu aliuliza. Huyu alitaka kuelewa, na mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi kuombwa na mtu arudie maelezo ana njaa mbaya kuliko ya chakula.

"Shule niliikatia njiani, Mwalimu," alisema Mwenyekiti. "Kujumlisha na kutoa najua, la sivyo nisingekuwa na biashara. Ila hizi za mafumbo, hizi za x, zilinipita."

"Hazikukupita, mzee wangu. Zilikuwa zinakusubiri."

Mwalimu akachora visanduku vitatu kwenye ubao mdogo uliosimamishwa juu ya meza ya kulia. Cha kwanza, ulichonacho. Cha pili, unachoongeza. Cha tatu, unachotaka kupata. Alikuwa na mtindo wake wa kufundisha michanganyiko, na mtindo huo alikuwa ameubuni mwenyewe baada ya miaka ya kuona vijana wakirukia kuzidisha kabla ya kujua wanazidisha nini.

"Usikimbilie namba," alisema. "Kwanza jiulize, ni nini hapa hakibadiliki? Una maji ya chumvi. Unamimina maji matupu ndani yake. Chumvi imeongezeka?"

"Haijaongezeka."

"Imepungua?"

Mwenyekiti alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu asiyejibu ovyo. "Haijapungua. Imetawanyika tu."

"Ahaa! Shika hapo hapo, usiachie. Chumvi ya mwanzo ni sawa na chumvi ya mwisho. Andika ya mwanzo huku, andika ya mwisho huku, weka alama ya sawasawa katikati. Usichokijua kiite x. Mlinganyo umesimama. Kilichobaki ni kufagia tu."

Mwenyekiti alicheka kwa sauti na kupiga goti lake. Kuanzia siku hiyo alikuja kila Ijumaa alasiri, na kabla mwezi haujaisha akaanza kuja na maswali yake mwenyewe. Yote yalikuwa ya maji ya chumvi. Kuna kipimo, alisema, cha kioo, unakitumbukiza kinaelea, kinakuambia maji ni mazito kiasi gani. Maji matupu kinasoma sifuri. Sasa mtu ana lita arobaini zinazosoma thelathini na tano na nusu, na anataka zisome thelathini. Aongeze maji lita ngapi?

Mtu mwingine angeuliza chumvi ya nini, na kwa nini thelathini na tano na nusu. Mwalimu alichofanya ni kusugua viganja. Maswali ya vitabuni hupangwa yatoke vizuri, mbili, tano, kumi, kama pipi za kuwabembeleza watoto. Hili lilitoka lita saba na theluthi moja, na Mwalimu aliona katika theluthi ile akili ya mtu anayefikiri kwa kichwa chake. Usiku ule mezani alimsimulia mkewe mpaka chai ikapoa.

"Angekuwa amesoma, yule mzee angefika mbali," alisema.

"Kwani sasa amefika karibu?" mkewe alijibu.

Mkewe watu walimwita Mama Pacha kwa ajili ya mapacha wao wawili, wa kike na wa kiume, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kutamka majina yao. Alikuwa mpishi wa kituo cha kulelea watoto, ambako mapacha nao walishinda, kile kile ambacho Mwenyekiti alikuwa mwenyekiti wa kamati yake, na kile kile ambacho kiwanda cha Mwenyekiti kilikiletea keni ya maziwa kila asubuhi kwa nusu bei. Kwa wema huo picha yake ilitundikwa ukumbini juu ya ubao wa watoto.

Kwa masomo, Mwenyekiti hakulipa fedha. "Fedha kati yetu italeta ubaridi," alisema, na kila Ijumaa aliacha mezani chupa ya mdomo mpana iliyojaa malai, yale mafuta ya juu ya maziwa, mazito, ya manjano, kijiko kinasimama. Mwalimu aliyapaka kwenye mkate kwa unene wa kidole. Mama Pacha, ambaye hakuzoea kuwa na kitu cha ziada, alimpelekea jirani kikombe, akarudi akiwa na raha ya mtu aliyetoa.

*

Tukubaliane mapema kwamba hakuna kitu cha kutia kinyaa kama mtu mzima anayemuibia mtoto asiyejua kuhesabu. Mtoto haulizi mizani. Unampa kikombe anashika kwa mikono miwili, anakunywa, anakurudishia kikombe, na kama ulichompa ni maji yaliyopitishwa karibu na ng'ombe, atasema ahsante.

Mama Pacha aliona kabla ya wote. Maziwa yakichemka hayafanyi utando. Ukiyamimina yanaacha kingo za kikombe safi, na rangi yake ina ubuluu kama maji ya kufulia nguo nyeupe. Alimwambia msimamizi wa kituo, mwanamke mwenye funguo nyingi na subira kidogo.

"Mama Pacha, wewe pika," alisema msimamizi.

Alimwambia tena.

"Kwani wewe umekuwa daktari wa ng'ombe? Kipimo kinasoma thelathini. Thelathini ni maziwa. Pika."

Kisha akaja afisa wa lishe, msichana mwenye koti jeupe na haraka, akawapima watoto mmoja mmoja kwenye mzani wa kuning'inia. Akawapima tena walio wembamba zaidi. Akaingia jikoni, akajaza kichupa kimoja kutoka kwenye keni, akaondoka nacho. Majibu yalipokuja yalisema maziwa yale yalikuwa hayana mafuta, karibu hayana kabisa, na yana maji ambayo ng'ombe hakuyatoa. Kiwandani, Mwenyekiti alimwonyesha afisa maziwa mengine, yenye mafuta tele, kwenye keni safi, mbele ya wafanyakazi waliovaa kofia. Kutoka kiwandani yanatoka mazima. Kituoni yanakutwa matupu. Katikati kuna nini? Katikati kuna jiko.

Msimamizi alimvua Mama Pacha aproni mbele ya watoto. Hakusubiri hata wamalize kula. Akachukua mkoba wa Mama Pacha, akaumwaga mezani kati ya vikombe vya uji, huku akina mama waliokuja kuchukua watoto mapema wakisimama mlangoni na shingo zimerefuka. Kitana. Kipande cha mkate ndani ya mfuko. Suruali mbili ndogo za ndani zilizolowa mkojo, za mapacha, alizokuwa anazipeleka nyumbani kufua. Msimamizi aliziinua kwa vidole viwili, akazitazama huku na huku kana kwamba malai yangeweza kufichwa humo, kisha akazidondosha sakafuni.

"Kuna kikao kesho," alisema. "Uje ujieleze."

Mama Pacha aliziokota. Mapacha walikuwa wameanza kulia, si kwa kuelewa, bali kwa kumwona mama yao ameinama vile.

*

Mwalimu alimkuta mkewe kitandani amekaa na viatu miguuni. Alimsimulia yote bila kupandisha sauti, na kwa mtu wa maneno kama yeye hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Yule binti wa koti jeupe alikuwa anaeleza," alisema mwishoni. "Anasema mtu akitoa malai, kipimo kinapanda, kinafika thelathini na tano na kitu. Lakini chetu kimekaa thelathini pale pale. Anasema aliyeongeza maji si mtu wa kukisia. Ndiyo nikauliza, jamani, mimi ninayepima chumvi kwa kiganja cha mkono, nitajuaje mambo hayo?"

Mwalimu alisimama katikati ya chumba. Thelathini na tano na nusu. Thelathini. Keni ya lita arobaini. Hakuhitaji penseli.

Alitoka, akaenda kabatini, akaitoa chupa ya Ijumaa iliyopita, akaitazama. Ilikuwa imebaki robo. Akakimbilia uani, akatapika kwenye mfereji wa maji machafu mpaka macho yakamtoka, na kilichotoka kilikuwa na mafuta juu yake. Mama Pacha alimfuata na kikombe cha maji.

"Nini tena? Unaumwa?"

Akamwambia. Alimwambia akiwa ameshika ukuta, kuanzia kigoda hadi chumvi, kuanzia visanduku vitatu hadi theluthi. Alimwambia kwamba malai waliyokuwa wanakula wao yalitolewa kwenye maziwa ya uji waliokunywa watoto wao wenyewe kituoni. Mama Pacha alisikiliza hadi mwisho. Maji aliyomletea aliyamwaga chini.

"Baba Pacha," alisema. "Mtu ana kiwanda cha maziwa. Anakuja kukuuliza habari ya kuongeza maji. Na wewe hukujiuliza ni maji ya nini?"

"Alisema chumvi."

"Chumvi! Umemwona wapi yule mtu na chumvi?"

Mwalimu alijifuta mdomo kwa mkono. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wenyewe ulikuwa wa aibu kuliko uongo wowote ambao angeweza kutunga.

"Lilikuwa swali zuri," alisema.

Mama Pacha alimtazama kama anavyotazama mchele kabla ya kuamua kama unafaa kupikwa. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha mlango na kuvua viatu.

"Sasa utalisema kikaoni. Sitaki kazi yao, kazi nitapata, hata kufua. Nataka jina langu. Wanangu wataanza shule hapa hapa mtaani. Sitaki waitwe watoto wa mama aliyekula maziwa ya wenzao."

"Nitasema," alisema Mwalimu, na uso wake ukapata damu tena. "Nitasimamisha mlinganyo mbele yao. Hana pa kuponea. Mtu yeyote akiuona ataelewa."

Hapo ndipo utakapoona kwamba mtu anaweza kufundisha miaka mingi bila kujifunza lolote kuhusu watu.

*

Kikao kilifanyika ukumbini kwenye viti vya watoto. Wazazi walikaa magoti yamegusa kidevu. Mwenyekiti peke yake aliletewa kiti cha ofisini, akakaa chini ya picha yake mwenyewe. Mbele ya wanakamati kulikuwa na soda baridi. Hakuna aliyewekewa maziwa.

Afisa wa lishe alisoma majibu yake haraka haraka, akafunga faili.

"Dada, hebu tusaidie," alisema Mwalimu. "Mtu akitoa malai kwenye keni nzima kila siku, anahitaji nini?"

"Kazi yangu ni kupima tu," alisema afisa. Alitazama saa. Gari la Mwenyekiti lilikuwa nje linamsubiri kumpeleka kituo kingine, kwa kuwa ofisi yao haikuwa na mafuta ya gari. Akaondoka akiomba radhi, na harufu ya manukato yake ikabaki.

Mwalimu akaenda ubaoni. Kulikuwa na bata aliyechorwa na watoto, akamfuta kwa kiganja. Akachora visanduku vyake vitatu. Mara tu alipoanza kuandika sauti yake ikakaa sawa, maana hapo alikuwa nyumbani.

"Malai ni mepesi kuliko maziwa yenyewe. Ukiyatoa, yanayobaki yanakuwa mazito, kipimo kinapanda mpaka thelathini na tano na nusu. Mtu yeyote akipima atashtuka. Kwa hiyo mwizi anarudisha kipimo chini kwa kuongeza maji. Akiongeza kidogo, kipimo kiko juu, atakamatwa. Akizidisha, kiko chini, atakamatwa. Lazima ajue kiasi kamili. Sasa tazameni. Uzito wa mwanzo, lita arobaini mara thelathini na tano na nusu. Uzito wa mwisho, thelathini mara arobaini kujumlisha x, kwa sababu hatujui ameongeza maji kiasi gani. Vitu hivi viwili ni sawa, maana maji hayaongezi chochote kwenye kipimo."

Akaandika kwa herufi kubwa:

40 × 35.5 = 30 × (40 + x)

Mama mmoja wa nyuma alipiga miayo, akafunika mdomo. Baba mwenye ovaroli ya gereji alimnong'oneza mwenzake, "Mimi hesabu zinaniuma kichwa tangu utoto." Mwingine alikuwa amesogea dirishani kutazama kama mtoto wake hajapanda bembea. Watoto wao walikuwa wamepimwa na kukutwa wepesi kuliko mwaka jana, na jibu lilikuwa linaandikwa ubaoni kwa chaki, mistari mitatu tu. Hawakutaka kuisoma. Walitaka mtu wa kunyooshewa kidole, basi, waende wakapike.

"Elfu moja mia nne na ishirini," Mwalimu aliendelea, "ni sawa na elfu moja mia mbili kujumlisha thelathini x. Kwa hiyo x ni saba na theluthi. Lita saba na theluthi moja ya lita! Jamani, mpishi mwenye kikombe cha plastiki atapataje theluthi, kila siku, bila kukosea? Na hayo malai ya keni nzima, atayatoa na kijiko? Keni inafika asubuhi, na kabla watoto hawajavua makoti uji uko mezani. Hii ni kazi ya mashine. Nani hapa ana mashine?"

Kwa mara ya kwanza ukumbi ulitulia. Vichwa viwili vitatu viligeuka kuelekea kiti cha ofisini. Mama Pacha, aliyekaa peke yake kwenye benchi la pembeni, aliinua uso.

Mwenyekiti hakukasirika. Alikuwa amefuata kila mstari, ungemwona akiitikia kwa kichwa penye hoja. Aliweka soda chini.

"Ahsante, Mwalimu. Umeeleza vizuri sana," alisema. "Nina swali moja tu. Hesabu hiyo aliipiga nani?"

"Niliipiga mimi. Lakini ni wewe uliyekuja kuniuliza! Nyumbani kwangu, Ijumaa, umekaa kwenye kigoda!"

"Nilikuja kujifunza, ndiyo. Sioni aibu, mimi sikusoma." Akawageukia wazazi, na baadhi yao wakatabasamu kwa huruma. "Niliuliza habari ya maji ya chumvi. Mwalimu, wewe ni mtu wa kweli, mimi nakuheshimu. Mbele ya wazazi hawa, uliwahi hata siku moja kunisikia nikitaja maziwa?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kutoa. Mtu mjanja angesema uliyataja. Mtu mwenye hasira angerusha chaki. Mwalimu aliulizwa swali, na swali lilikuwa na jibu moja sahihi.

"Hukutaja," alisema.

"Basi. Anayejua kiasi cha maji ni Mwalimu. Anayeshika keni ni mke wa Mwalimu." Mwenyekiti aliinua mikono, kama mtu aliyeshindwa kuizuia huzuni. "Mimi sisemi kitu. Ninyi ndio wenye watoto."

"Na malai?" Mwalimu alipiga kelele. "Malai yamekwenda wapi?"

Jirani alisimama. Mtoto wake pia alikuwa anakuja kituoni hapo. Alivuta blauzi yake chini, akamtazama kila mtu isipokuwa Mama Pacha.

"Mimi sitaki ugomvi na mtu," alisema. "Tunaishi ukuta kwa ukuta. Lakini mtoto wangu amepungua kilo, siwezi kunyamaza. Malai yako nyumbani kwao. Chupa nzima, kila wiki. Mimi mwenyewe nilipelekewa kikombe."

"Ni yeye aliyetuletea!" Mama Pacha alikuwa amesimama. "Nilikupa kwa moyo mweupe, shoga yangu, na nilikuambia yametoka wapi! Mwenyekiti, hebu sema. Yalikuwa ada ya masomo. Sema!"

"Mama," alisema Mwenyekiti kwa upole, "kiwanda changu kinauza maziwa tu. Kuna mtu hapa amewahi kuniona nauza malai?"

Hakuna aliyewahi. Malai ya Mwenyekiti yalipita mlango wa nyuma kwenda kwa waoka keki wa upande mwingine wa mji, ambako hakuna hata mmoja wa wazazi hawa aliyewahi kununua keki.

"Nina watoto wawili kwenye meza ile," alisema Mama Pacha. "Wanakunywa kikombe kile kile. Mama gani atamwekea mwanawe maji?"

"Wako walikuwa wanakula malai nyumbani!" ilijibu sauti ya kike kutoka nyuma, na wengine wakaguna kukubali. Mtu mmoja alitema mate sakafuni, kwenye ukumbi wa watoto. Kuhusu mashine hakuna aliyerudi kuuliza. Baba wa gereji, ambaye mashine ndiyo kazi yake, alikuwa anatafuta ufunguo wa pikipiki.

Mikono ilipoinuliwa, ilikuwa mingi kiasi kwamba msimamizi hakujisumbua kuihesabu. Mwenyekiti aliomba suala lisifike polisi. Alisema familia ni familia, na Mwalimu bado ni hazina ya mtaa. Wakampigia makofi kwa moyo wake mkubwa, wakasimama mmoja mmoja wakijinyoosha migongo, na aliyekuwa karibu na ubao akafuta mlinganyo kwa mkono wa shati ili watoto wapate pa kuchorea.

*

Getini, Mama Pacha aliwashika mapacha, huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto. Watu waliwapisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Jirani alipita ameinamia simu isiyoita. Mwalimu alitembea hatua chache nyuma yao akiwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, na kilichokuwa kinamuuma, ni aibu kukisema lakini ndiyo hali halisi, hakikuwa jina la mkewe peke yake. Ilikuwa kwamba alieleza vizuri, hatua kwa hatua, na hawakuelewa. Ukumbi mzima. Angeweza kuwa anaimba.

Mkono mzito ulimshika bega.

"Mwalimu, usiweke kinyongo," alisema Mwenyekiti, chini chini, kirafiki. "Mambo ya vikao unayajua. Lakini pale ubaoni, nakuambia kweli, umenifurahisha. Ile kusema maji hayaongezi kitu kwenye kipimo, ndiyo kamba ya kushika, eti? Hawa hawajaona. Mimi nimeona."

Mwalimu alitazama vumbi la chaki viganjani mwake. Alitaka kuutoa mkono ule begani, na alijua kwamba alitaka. Lakini hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona.

"Sasa kuna hili," Mwenyekiti aliendelea. "Kiangazi mambo yanabadilika. Yanasoma thelathini na nne tu. Na keni zangu mpya ni za lita hamsini. Nimekaa nalo tangu juzi. Nimefanya visanduku vyote vitatu, nakwama kwenye kugawanya. Bado nataka thelathini."

Hamsini mara thelathini na nne, elfu moja mia saba. Toa elfu moja mia tano. Mia mbili, gawanya kwa thelathini. Kulikuwa na baridi nzuri ndani ya kichwa cha Mwalimu, baridi aliyokuwa hajaipata tangu jana, mahali ambapo kila kitu kilikaa upande wake na alama ya sawasawa ikasimama katikati.

"Sita na theluthi mbili," alisema.

Alisikia sauti yake mwenyewe ilipokwisha kusema. Mkono uliondoka begani baada ya kumpiga mara mbili kwa upole, na mlango wa gari ukafungwa.

Mama Pacha alikuwa amesimama. Alikuwa karibu, alikuwa amesikia yote, na hakuwa amehitaji kusoma sana ili kujua ni maji ya nini. Alimtazama mumewe kama alivyokuwa ametazamwa yeye ukumbini, akavuta mikono yote miwili ya watoto karibu na mwili wake, mbali na alipokuwa amesimama baba yao.

"Twendeni, wanangu," alisema, na akatembea na watoto wawili.